Muhuri wa Kanisa
Mazungumzo ya redio. Somo: Luka 10:25–37

 

Somo letu latoka katika Injili ya Luka, sura ya 10, mstari wa 25 mpaka wa 37. Ni habari ya yule Msamaria, nanyi mmeisikia tangu shule ya Jumapili. Ikiwa una Biblia karibu, ifungue na uiache hapo magotini, tutairudia. Kwanza nataka kuwaambia habari ya muhuri.

Katika ofisi ya kanisa letu mna muhuri wa mpira wenye kipini cha mbao. Katika mali yote ya kanisa niliyokabidhiwa, hicho ndicho kitu ninachokiogopa zaidi. Mtu akitaka barua ya ubatizo, ni muhuri. Mtu akitaka kuoa katika kanisa lingine, ni muhuri. Na kijana akiomba msaada wa karo, mara nyingi fomu huwa na ukurasa wa kujazwa na kiongozi wa dini: amemjua mwombaji kwa muda gani, tabia yake ni ya namna gani, tena amefanya kazi gani ya kujitolea kwa faida ya watu wengine. Chini kabisa pana nafasi ya muhuri.

Mwezi wa Januari 2024, baada ya matokeo ya mtihani wa KCSE wa mwaka 2023 kutangazwa, mama mmoja wa kanisa letu alikuja ofisini jioni pamoja na binti yake. Sitawataja majina. Wameniruhusu nisimulie habari hii, lakini kwa sharti hilo. Binti alikuwa amepata B, naye alitaka kusomea mambo ya afya. Tangu alipokuwa mdogo mama yake aliwaambia majirani kwamba huyu atakuwa daktari. Walikuja na fomu ya wafadhili fulani, nayo ilitakiwa irudishwe Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Mama akaniwekea kidole pale penye swali la kazi ya kujitolea. Akasema, "Mchungaji, hapa andika tu kwamba amekuwa akisaidia hospitalini mwaka mzima. Wote huandika hivyo."

Nami nitawaambia kweli. Nilikuwa nimekwisha kufungua kisanduku cha wino. Wala haikuwa mara ya kwanza. Miaka ya nyuma nilikuwa nimepiga muhuri fomu mbili za namna hiyo, nikijiambia kwamba nawahurumia watoto wa maskini, na kwamba Mungu anaelewa. Kalamu ilikuwa mkononi. Ndipo yule binti, ambaye tangu aingie hakuwa amesema neno ila salamu, akasema kwa sauti ndogo, "Mchungaji, mimi sijaingia wodi hata siku moja, ila ile siku tulipokwenda kumwona nyanya."

Mama akamgeukia. "Nani amekuuliza?"

Tukanyamaza wote watatu. Nikafunga kisanduku cha wino. Ningependa kuwaambia kwamba nilikifunga kwa ushujaa, lakini ilikuwa ni aibu tu. Mtoto wa miaka kumi na minane alikuwa amenisomea mahubiri yangu mwenyewe.

Ijumaa ikapita. Msaada ule ukaenda kwa wengine. Mama yule huuza mboga sokoni, naye ni mjane. Alizoea kuketi benchi ya pili upande wa kushoto. Baada ya jioni ile alihamia nyuma karibu na mlango, akawa akitoka kabla ya baraka ili tusisalimiane. Sikumlaumu. Sisi wahubiri twapenda sana kusema juu ya baraka za kusema kweli. Mara chache twasema kwamba kweli ina bei, na kwamba mara nyingine anayeilipa si yule aliyeihubiri.

Sasa, yule binti alifanya jambo ambalo mimi sikumshauri. Mwezi wa Februari alikwenda kwa miguu mpaka hospitali ya misheni iliyo karibu nasi, akaomba kumwona metroni, akamwambia kwamba ataka kusaidia.

Metroni akamwuliza, "Unajua nini?"

"Sijui kitu."

"Afadhali. Wanaonisumbua mimi ni wale wanaojua nusu."

Akapewa karatasi ya kutia sahihi, ya kwamba hatatoa nje siri ya mgonjwa yeyote. Akaambiwa kwamba hataruhusiwa kugusa dawa, wala sindano, wala kidonda. Kazi yake itakuwa kuwaletea wagonjwa maji ya kunywa, kuwalisha wale wasio na jamaa wa kuwalisha, kuwasukuma kwa kiti cha magurudumu mpaka kwenye eksirei, kukunja mashuka, na kuwaita wazee walioketi kwenye benchi wasiosikia majina yao yakitajwa. Jambo moja hawakumwambia, akaligundua mwenyewe. Wahudumu wengi wa pale ni vijana waliotoka pande nyingine za nchi, na wazee wetu wengine hawajui Kiswahili cha kutosha kueleza maumivu. Basi akawa mkalimani. Siku tatu kwa juma, tangu saa moja asubuhi mpaka saa saba mchana, na metroni akawa akitia sahihi katika daftari.

Siku ya kwanza harufu ya wodi ilimshinda. Alitoka mbio akatapika nyuma ya chumba cha kufulia, akasukutua kinywa kwenye bomba, akarudi. Metroni alikuwa amemwona. Hakumwambia pole. Alimpa kitambaa, akamwonyesha meza za kupangusa.

Aliniambia baadaye kwamba alidhani uuguzi ni huruma, kumbe uuguzi ni saa. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza kitandani yafaa ageuzwe kama kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, ama sivyo mwili utaanza kuchubuka na kuoza mahali anapolalia. Mikono huoshwa kabla ya kumgusa mgonjwa, tena huoshwa baada ya kumgusa, hata kama wagonjwa ni thelathini na maji ni ya baridi. Hakuna anayeimbiwa wimbo kwa kuosha mikono. Na wale wauguzi, wakiwa wawili kwa wodi nzima, walikuwa wakiyafanya hayo kwa saa.

Katika wodi ile palikuwa na bibi mmoja mzee sana, ambaye siku nyingi hakuna mtu aliyekuja kumwona. Alikataa chakula kutoka kwa kila mtu. Kwa binti huyu alikubali uji, kijiko kimoja kimoja, akiwa ameinuliwa kwa mito ili asipaliwe. Walikuwa wakizungumza habari za zamani, za njaa na za mifugo. Asubuhi moja binti alifika akamkuta amelala. Aliona kwamba pumzi yake ni ya haraka, tena si kama ya siku zote. Akafikiri amechoka. Akamfunika vizuri, akaenda kitanda cha pili. Muuguzi alipofika kwake katika zamu yake, bibi alikuwa katika hali mbaya, na usiku ule akafariki.

Metroni alimwambia kwamba ugonjwa ulikuwa mkubwa, na kwamba hata kama angeita mapema pengine isingebadilisha neno. Hata hivyo alikuja ofisini kwangu, akaketi kwenye kiti kile kile cha siku ya fomu. Hakulia. Alisema, "Mchungaji, niliona pumzi yake imebadilika. Niliona kwa macho yangu. Lakini sikujua ninachokiona."

Wapendwa, sikuwa na jibu. Maneno tunayowaambia watu kwenye matanga hayakufaa hapo, maana hakuwa akiuliza juu ya kifo. Alikuwa akiuliza juu ya kutojua. Basi nikamsimulia habari ya msichana mwingine, Ida Scudder, nami nitawasimulia ninyi pia.

Ida alizaliwa India mwaka 1870. Wazazi wake walikuwa wamisheni kutoka Marekani, baba yake alikuwa daktari, na babu yake pia alikuwa daktari mmisheni. Jamaa yote ilikuwa ya watu wa namna hiyo, na huyu binti alisema wazi kwamba yeye hataki. Utotoni alikuwa ameiona India wakati wa njaa kuu, wala hakutaka kuiona tena. Alikwenda Marekani kusoma, akatamani kukaa huko. Mwaka 1890 akaitwa arudi, kwa sababu mama yake alikuwa mgonjwa. Akarudi kwa muda tu, kumsaidia mama, kisha aende zake.

Usiku mmoja, katika miaka ile ya kwanza ya 1890, akiwa katika nyumba ya wazazi wake huko Tindivanam, alikuja mtu wa ukoo wa makuhani wa Kihindu. Mke wake alikuwa katika uchungu wa kuzaa, na mambo yalikuwa yamekwenda vibaya. Alimtaka Ida. Ida akamwambia kwamba yeye hana ujuzi wowote, lakini baba yake ni daktari, yuko hapa hapa, atakuja mara moja. Yule mtu akakataa. Desturi yao haikuruhusu mwanamume mgeni amwone mke wake. Akaenda zake. Kisha usiku ule ule akaja mwingine, Mwislamu, kwa shida ile ile, na kwa jibu lile lile. Kisha wa tatu, Mhindu tena. Watu watatu, mlango mmoja, usiku mmoja. Asubuhi akasikia ngoma za mazishi kijijini. Akamtuma mtumishi aulize. Wale wanawake watatu wote walikuwa wamekufa.

Angalieni vizuri jambo hili. Ida hakukosa moyo. Alikuwa tayari kwenda usiku ule. Nyumba ilikuwa na dawa, na baba alikuwa na vyombo. Kilichokosekana kilikuwa mwanamke mwenye ujuzi katika mikono yake. Akawaambia wazazi wake kwamba atakwenda Marekani kusomea udaktari, kisha atarudi. Alianza katika chuo cha udaktari cha wanawake huko Philadelphia, akamalizia katika chuo cha Cornell, New York, mwaka 1899, akiwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kuhitimu udaktari hapo. Mwaka 1900 alikuwa amerudi India, na mwaka ule ule baba yake aliyetarajia kufanya kazi pamoja naye akafariki. Akaanza na chumba kidogo huko Vellore. Mwaka 1902 akafungua hospitali ya vitanda 40. Mwaka 1909 akaanza kufundisha wauguzi, na mwaka 1918 akafungua shule ya udaktari kwa wanawake, wakati ambapo wengi walidhani wasichana hawataiweza kazi hiyo. Wavulana waliingizwa baadaye, mwaka 1947. Aliishi mpaka mwaka 1960, na chuo cha Vellore kingali kinafanya kazi hata leo.

Binti alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali ambalo mimi sikulifikiria kamwe: "Wale wanawake watatu, majina yao yalikuwa nani?" Nikamwambia sijui.

Sasa tuirudie Biblia iliyo magotini pako. Kuhani alipita, na Mlawi alipita. Hawa wangeweza kupata barua nzuri kutoka mahali popote. Msamaria naye alipofika, tazama Luka anavyoeleza, naye Luka mwenyewe Paulo amtaja kuwa tabibu. Habari haikomi kwenye huruma. Msamaria alikuwa na mafuta na divai, akavitia penye majeraha, akayafunga, akampandisha mtu yule juu ya mnyama wake. Alijua la kufanya, tena alikuwa na vifaa katika mfuko wake. Mtu mwenye huruma peke yake angeketi kando ya njia akalia pamoja na majeruhi mpaka jua lichwe.

Tena kuna mtu mmoja katika habari hii ambaye sisi wahubiri humsahau: mwenye nyumba ya wageni. Msamaria aliondoka kesho yake. Aliacha dinari mbili na ahadi. Ni nani basi aliyembadilishia yule mgonjwa vitambaa siku ya tatu? Ni nani aliyemnywesha maji usiku, akafua mashuka yaliyojaa damu? Sijapata kusikia mahubiri juu yake. Lakini kila hospitali ya kanisa katika nchi hii, Kikuyu, Tumutumu, Chogoria, Maseno, Kijabe, Kaloleni, imesimama juu ya watu wa namna hiyo, tangu siku za madresa wa zamani ambao wazee wetu wangali wanawakumbuka.

Hospitali haikuwa shule yake peke yake. Metroni alimwunganisha na mama mmoja wa kijiji chetu aliye mhudumu wa afya ya jamii. Mnawajua watu hawa. Kwa miaka mingi walifanya kazi ya kujitolea bila mshahara, wakipita nyumba kwa nyumba. Mwezi wa Septemba 2023 Serikali iliwazindua upya, kama laki moja nchi nzima, wakapewa mifuko yenye vifaa na posho kidogo. Katika mfuko ule mna kipimo cha joto la mwili, chombo cha kupima shinikizo la damu, na pia utepe mwembamba wenye rangi tatu. Utepe huo huzungushwa kwenye mkono wa juu wa mtoto, aliye na umri wa miezi sita mpaka miaka mitano. Ukisoma kijani, ni vema. Manjano ni hatari. Mkono usiofika sentimita 11 na nusu husoma nyekundu, na mtoto huyo hana budi kupelekwa kwenye kituo cha afya siku hiyo hiyo, wala si kesho.

Jumamosi moja walipima mtoto katika nyumba ya watu wa kanisa letu. Utepe ukasoma nyekundu. Watu wale hawakuwa wamemwambia mtu yeyote kwamba chakula kimekwisha, waliona aibu. Mtoto akapelekwa, akaanzishwa zile pakiti za chakula cha karanga, na leo anakimbia uwanjani kanisani. Lakini nataka mjue ya kwamba mtoto yule alikuwa akiletwa ibadani kila Jumapili, amefungwa mgongoni kwa leso. Mimi mwenyewe niliweka mkono wangu kichwani pake majuma mawili kabla ya siku ile, nikambariki. Niliona mtoto mtulivu. Nami pia sikujua ninachokiona.

Tangu siku hiyo binti aliacha kusema juu ya udaktari. Alisema anataka kusomea lishe. Mama yake aliposikia alipandwa na hasira. "Lishe? Umesoma miaka kumi na miwili ili ukapike?" Walikaa juma zima bila kuzungumza vizuri. Sikuingilia. Nilikuwa nimekwisha kuingilia vya kutosha katika nyumba ile.

Januari 2025 fomu za wafadhili zikatolewa tena. Wakaja ofisini, mama na binti, wakaketi kama mwaka uliotangulia. Binti alikuwa na daftari la metroni. Nikaandika barua, nayo ilikuwa fupi: kwamba namjua tangu ubatizo wake, kwamba tangu Februari mpaka Desemba 2024 amesaidia hospitalini siku tatu kwa juma, kama daftari linavyoonyesha, kwamba hakuruhusiwa kugusa dawa, naye hakugusa, kwamba amelisha wagonjwa, amewasukuma, amewatafsiria wazee, na amezunguka vijijini na mhudumu wa afya.

Mama akaichukua barua akaisoma, akaisoma tena. Kisha akanirudishia.

"Mchungaji, hujaandika kwamba siku ya kwanza alitapika akarudi."

Nikaongeza mstari huo. Nikafungua kisanduku cha wino, na wino ulikuwa umekauka kidogo, hata ikabidi nipige muhuri mara mbili.

Wafadhili walikubali kulipa nusu ya karo. Nusu ya pili tuliifanyia harambee baada ya ibada, na mwezi wa Septemba mwaka huo akaingia chuoni. Mama yake amerudi benchi ya pili.

Tuombe. Baba wa mbinguni, twawaombea wanafunzi wanaongoja nafasi na wazazi wanaohesabu karo usiku huu. Wakumbuke wauguzi walio zamu, wawili kwa wodi nzima, na mgonjwa ambaye saa hii anangoja kugeuzwa. Wakumbuke wale wanawake watatu wa Tindivanam, ambao majina yao wayajua wewe. Nasi tulioshika kalamu na mihuri, utusamehe. Katika jina la Yesu Kristo, Amina.